Boksi la Kinu cha Upepo

Wakati wa likizo, jua la Lodwar lilipofika utosini, Abigael alilala sakafuni kwenye ujia, ubavu wake ukigusa mlango wa chumba kilichofungwa. Chini ya mlango ule palikuwa na mwanya usiozidi unene wa kidole, na humo ndimo ulimopenya uzi mwembamba wa hewa baridi. Aliujua uzi ule kwa shavu lake. Akiusogeza uso karibu kabisa na mwanya, aliweza kupata usingizi wa saa nzima huku mabati yakialika juu yake na mbuzi wa jirani wakijibanza kwenye kivuli cha ukuta. Baba yake aliporudi kula chakula cha mchana alimruka kwa hatua moja pana, akafungua kufuli, akaingia, kisha akaufunga mlango haraka nyuma yake ili baridi isitoke.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na kiyoyozi kimoja. Kiyoyozi kilikuwa cha maboksi.

Baba yake, Kipngeno, alikuwa mpima ardhi. Alihamishiwa Lodwar mwaka wa elfu mbili na kumi, akamwacha mkewe Jebet akifundisha shule ya msingi huko Litein, kwenye vilima vya chai ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri. Abigael, mtoto wao wa pekee, alisoma shule ya bweni, na kila Agosti na Desemba aliletwa Turkana akae na baba yake. Jebet ndiye aliyeshikilia hivyo. Alisema hataki siku moja binti yake amwamkie mzazi wake kama anavyomwamkia mgeni wa mlangoni.

Biashara ya maboksi haikuanza kwa tamaa. Mhandisi mmoja wa visima alikuwa akirudi kwao Ulaya baada ya mkataba wake kwisha, akaanika vyombo vyake uani ili wenye kutaka wanunue. Kipngeno alichagua sufuria mbili, taa ya mezani, na boksi moja la matofali ya plastiki ya kuchezea, yale yanayounganishwa moja juu ya jingine mpaka yawe nyumba au gari. Juu ya boksi palikuwa na picha ya gari la zimamoto lenye ngazi ndefu. Alimnunulia Abigael. Aliliweka kwenye meza yake ofisini likingoja likizo, na hapo ndipo Ochola, aliyetunza kompyuta za ofisi, alipoliona.

"Hii usimpe mtoto," Ochola alisema baada ya kuperuzi simu yake kwa muda.

"Kwa nini?"

"Imestaafu."

Akamweleza. Kiwanda huitengeneza seti kwa miaka miwili mitatu, kisha huiacha. Tangu siku hiyo kila boksi ambalo halijafunguliwa hupanda bei, kwa kuwa wapo watu wazima wengi duniani wanaotafuta walichokikosa utotoni. Walicheka pamoja juu ya neno hilo, kustaafu. Mtumishi wa serikali akistaafu ndipo anaposahaulika. Boksi likistaafu ndipo linapoanza kutafutwa. Kabla ya wiki kwisha, gari la zimamoto lilikuwa limekwenda kwa mtu wa Mombasa kwa bei iliyoushinda mshahara wa Kipngeno wa mwezi mzima, na Abigael alipofika likizo alikuta zawadi nyingine, begi jipya la shule. Hakujua alichokikosa. Jambo hilo lilimfariji baba yake kwa miaka mingi.

Alijifunza upesi. Alijua kwamba pembe ya boksi ikibonyea thamani inaondoka nayo, kwamba jua huchujua rangi ya karatasi, kwamba joto la Turkana hulegeza gundi na kuikunja kadi kama jani kavu. Ndiyo maana akanunua kiyoyozi, ndiyo maana akaziba dirisha kwa ubao na kutundika kipimajoto ukutani. Na hakuwa akidanganya aliposema kwamba karo ya Abigael itatoka chumbani mle. Ilitoka kweli, muhula baada ya muhula. Lakini kila alipotoka humo na kumkuta binti yake amekaa kwenye ujia na kitabu, uso unang'aa kwa jasho, alimwambia maneno yale yale: "Vumilia kidogo. Haya yote ni yako."

Maboksi mengi aliyapata Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Wafanyakazi wa mashirika walikuja na watoto wao au na upweke wao, wakakaa mwaka mmoja au miwili, wakaondoka na kuacha vitu. Mtu aliyejua nani anaondoka lini na anaacha nini alikuwa mwanamke mmoja kutoka Bor, Sudan Kusini, Akon Majok, ambaye sokoni wote walimwita Mama Abul kwa jina la kifungua mimba wake. Aliingia kambini akiwa msichana, akaolewa humo, akazaa humo, akafiwa na mume humo. Duka lake la mabati lilijaa viti vya kukunja, vyandarua, redio, na vitabu vya lugha ambazo hakuna mnunuzi aliyezijua. Boksi la matofali alipolipata alilifunga kwa shuka safi na kuliweka chini ya kitanda chake mwenyewe, mahali penye baridi kuliko pote nyumbani mwake, mpaka Sarveya afike. Ndivyo alivyomwita Kipngeno, Sarveya, yaani mpima ardhi, na hakuwahi kumbadilishia jina.

Mara moja Kipngeno alimchukua Abigael waende wote. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Wakati baba yake akikagua utepe wa boksi moja kwa kioo cha kukuzia, Mama Abul alimwita msichana aketi kwenye mkeka mbele yake, akaanza kumsuka bila kumwuliza mtu.

"Wewe unachezanga hizi vitu za baba?" alimwuliza.

"Hapana. Ni za kuuza."

"Zote?"

"Zote."

Mama Abul aliendelea kusuka. "Mimi pia nalala juu yake tu," alisema. "Sijui ndani iko nini."

Walicheka, wao wawili, na Kipngeno akainua macho kutoka kwenye kioo chake akauliza wanacheka nini. Hawakumwambia.

Desemba iliyofuata, Mama Abul alimpigia Kipngeno simu kwamba amepata boksi ambalo hajawahi kuona kubwa kama hilo. Lilikuwa kinu cha upepo chenye nyumba ya msagaji chini yake, vipande zaidi ya elfu moja, seti iliyokuwa imestaafu kabla Kipngeno hajaijua biashara. Alilinunua siku hiyo hiyo na akarudi nalo Lodwar polepole kwenye barabara ya mashimo, akiwa amelifunga mkanda wa kiti kama abiria. Daktari wa meno wa Nairobi, mkusanyaji anayejulikana, alikubali kulinunua hata kabla ya kuliona. Kwa wiki moja, lilipokuwa likingoja gari la mizigo, boksi lile lilikaa kwenye rafu ya juu, na Kipngeno alipolitazama alijisikia mtu aliyefika mahali.

Mzigo ulipofika Nairobi, daktari aliugeuza chini juu, akauweka chini ya taa, na kesho yake akaanika picha kwenye ukurasa ambapo wakusanyaji wote wa nchi hukutana. Utepe wa chini ulikuwa umebanduliwa na kubandikwa tena. Mifuko ya ndani ilikuwa imekatwa na kufungwa kwa moto. Hakikupotea kipande hata kimoja, lakini hilo halikumsaidia mtu. Boksi lililofunguliwa ni boksi lililofunguliwa. Chini ya picha aliandika jina la muuzaji, na watu waliokuwa wakimwita Kipngeno mwaminifu wa Lodwar wakaanza kuuliza ni mangapi mengine aliyowauzia ya namna hiyo.

Alirudisha pesa za watu. Kisha, asubuhi ya Jumamosi, aliendesha gari hadi Kakuma.

Sokoni palijaa. Ilikuwa siku ya mgao wa chakula, na akina mama walipita na magunia vichwani. Kipngeno hakungoja waishe kupita. Alisimama mbele ya duka la Mama Abul akasema kwa sauti aliyoitumia kuwaita watu waliosimama upande wa pili wa kiwanja kilichopimwa.

"Umefungua boksi langu ukaniuzia kama jipya."

Mama Abul alitoka akipangusa mikono. "Sarveya, mimi sikufungua kitu yako."

"Nani amefungua, basi? Limetoka kwako, likaja kwangu. Kwangu lilikaa chini ya kufuli."

"Mimi sijui. Lakini mimi sikufungua."

"Wewe ni mwizi," Kipngeno alisema. "Na ni mwizi mbaya, maana unaiba huku unamwita mtu kwa jina lake."

Watu walikuwa wamesimama. Mama Abul aliwatazama mmoja mmoja, kama anayejaribu kukumbuka ni nani wote waliokuwapo, kisha akarudi ndani. Kipngeno alipitia pia kwa msimamizi wa nyumba za mashirika, akamwonya awe macho na yule mwanamke. Jioni, mezani, alimwambia Abigael, "Nimemalizana na Mama Abul. Alitudanganya." Msichana alisema, "Ndiyo, Baba," akaomba ruhusa akalale, kwani kichwa kilikuwa kikimwuma.

Miaka kumi na moja ilipita. Wakusanyaji husahau haraka wanapotaka kitu, na jina la Kipngeno likasafika taratibu. Alinunua kwingine, kwa watu wa Eldoret na Nairobi, wala hakukanyaga tena Kakuma ila kwa kazi ya serikali, na hata siku hizo alipita sokoni vioo vya gari vimefungwa. Abigael alimaliza shule, akasomea tibamaungo, akapata kazi katika hospitali moja ya Nakuru, akinyosha viungo vya watu waliovunjika. Alikuwa binti mwema. Alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa, akauliza habari za shinikizo lake la damu, akatuma salamu kwa Ochola. Kipngeno alijisifu kwa wenzake kwamba hajawahi kugombana naye hata siku moja. Hakujiuliza ni mtoto gani asiyewahi kugombana na baba yake.

Agosti mwaka huu alistaafu. Ofisi ilimwandalia chai na mandazi, ikampa saa ya ukutani, na Jebet, aliyekuwa amestaafu mwaka mmoja kabla yake, akamwambia kwa simu kwamba chumba cha mbele kimepakwa rangi. Abigael aliomba ruhusa ya siku nne aje kumsaidia kufunga mizigo.

Walianza asubuhi mapema kabla ya joto. Yalikuwa yamebaki maboksi thelathini na moja. Abigael aliingia chumbani mle kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akasimama katikati, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayesikia baridi. Kipngeno alimtazama akaona mwanamke wa miaka ishirini na minne, mabega mapana ya upande wa mama yake, na ghafla akaingiwa na hamu ya kutoa kitu. Labda ni ile saa ya ukutani waliyompa, iliyomfanya aone siku zinavyopungua.

"Chagua moja," alisema. "Lolote. Sio la kuuza. Ulifungue hapa hapa, tulijenge mimi na wewe."

Abigael hakusogea. "Asante, Baba. Hapana."

"Usijali bei."

"Sijali bei."

"Ukiwa mdogo ulikuwa ukiyatamani. Nilikuona."

"Uliniona?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kujua kweli.

Abigael akaketi juu ya kreti tupu, akaanza kuvutavuta uzi wa ncha ya kitenge alichojifunga.

"Baba, mimi nilishafungua moja," alisema.

Kipngeno alidhani hakusikia vizuri. Akaona binti yake anamtazama usoni, na hapo akajua kwamba alichokisikia ndicho kilichosemwa.

"Ile siku ulipokwenda Katilu kupima mashamba ya kule mtoni. Uliniachia ufunguo ili nisome kipimajoto saa sita. Nilichemsha maji, nikaushikilia upande wa chini wa boksi juu ya mvuke mpaka gundi ikalegea. Mifuko niliikata kwa wembe. Nilijenga mpaka alasiri, kisha nikabomoa, nikarudisha kila kipande kwenye mfuko wake, nikaifunga kwa moto wa mshumaa. Nilikuwa makini sana. Nilidhani hakuna atakayejua."

"Kinu cha upepo," Kipngeno alisema.

"Kinu cha upepo."

Kiyoyozi kiliguruma, kikatulia. Jambo la kwanza lililomjia Kipngeno halikuwa hasira, na hilo lilimshangaza. Ilikuwa mikono ya Mama Abul ikijipangusa kwenye nguo, ikijipangusa tena na tena, ingawa ilikwisha kuwa mikavu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulirudi ukasema umemalizana naye. Usiku ule nilijiambia nitasema asubuhi. Asubuhi ukawa umeshaondoka." Uzi wa kitenge ulikatika mkononi mwake. "Likizo iliyofuata nilijiambia ukiniuliza tu, nitasema. Nilingoja uniulize. Ulimwuliza Mama Abul. Ulimwuliza dereva wa mizigo. Mimi hukuniuliza."

"Nilikuamini."

Abigael alifikiri juu ya neno hilo. "Labda," alisema. "Mimi niliona kama hukukumbuka kwamba nipo."

Hawakufunga boksi jingine siku ile. Kipngeno alikwenda kuketi uani chini ya mgunga, akakaa hapo mpaka kivuli kikamkimbia, naye asihame. Miaka yote alikuwa na picha moja moyoni kuhusu Lodwar: baba anayejinyima mbali na kwao, na mtoto mtulivu asiyesumbua. Sasa aliigeuza picha ile upande wa pili akamwona mtoto amelala sakafuni, na mtu mzima anamruka. Alijaribu kukumbuka ni kitu gani walichowahi kufanya pamoja, yeye na binti yake, kisichohusu maboksi, akapata safari moja ya Eliye Springs kando ya ziwa, na hata huko alikumbuka kwamba alikaa garini nusu saa akizungumza na mnunuzi. Alipoliokoa jina lake mbele ya wakusanyaji alitumia jina la mtu mwingine kulisafishia, na mtu huyo alikuwa amelala juu ya maboksi yake miaka na miaka asiyachungulie.

Kesho yake hawakuamshana. Kila mmoja alimkuta mwenzake amevaa tayari. Siku hizi barabara ya Kakuma ni lami, na safari iliyokuwa ikimaliza asubuhi nzima iliwachukua chini ya saa mbili. Kwenye kiti cha nyuma Kipngeno alikuwa ameweka boksi moja, lililo bora kuliko yote yaliyobaki, bila kujua hasa atalisemea nini.

Duka la mabati lilikuwa la mtu mwingine. Kijana aliyeuza kadi za simu hapo aliwaelekeza mwisho wa soko, karibu na mto mkavu, na huko wakamkuta Mama Abul chini ya turubai ameketi nyuma ya meza ya samaki wakavu. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa nyeupe juu ya kipaji cha uso. Alimwona Kipngeno akiwa bado mbali, akamfuata kwa macho mpaka akafika.

"Sarveya," alisema.

"Mama Abul. Habari ya siku nyingi."

"Nzuri. Umezeeka."

"Nimestaafu."

Alitikisa kichwa kukubali. Hakuwakaribisha kuketi. Kipngeno alikuwa amepanga maneno njiani kote, na sasa yalikuja yote kwa pamoja bila mpango. Alimwambia boksi lilifunguliwa nyumbani kwake mwenyewe. Alimwambia alimwita mwizi bila kosa mbele ya watu, na kwamba hakuna siku aliyorudi kuhakikisha, kwa kuwa ilimfaa iwe hivyo. Aliomba radhi. Abigael, aliyesimama nyuma yake kidogo, alisogea mbele akasema, "Ni mimi niliyefungua, Mama. Nilijua na nikanyamaza."

Mama Abul alichukua samaki mmoja, akamgeuza, akamrudisha mahali pake.

"Yule msimamizi wa nyumba alikataa mimi niingie tena," alisema. "Hiyo si kitu. Samaki pia inalisha mtu. Inatoka Kataboi, mimi nauza, watoto wamesoma. Lakini kanisani mimi ndio nilikuwa nashika ufunguo. Ile stoo ya akina mama, vikombe, nguo za kwaya, vitu yote. Miaka tisa. Baada ya wewe kuja, wakasema, Mama Abul, wacha mwingine ashike kidogo. Kidogo tu, mpaka hii maneno ipoe. Mimi nikatoa. Hakuna mtu alirudisha."

Kipngeno aliinamisha uso. "Nitakwenda Jumapili. Nitasimama mbele ya kanisa niseme, kama nilivyosimama hapa."

"Utaambia nani?"

"Wote waliosikia."

Mama Abul aliinua mkono, akauelekeza huku na huku juu ya soko, polepole, kama anayemwonyesha mipaka ya kiwanja. "Sarveya, wewe unajua hapa watu hawakai. Mama Nyariek alikuwa amesimama pale, yeye iko Kanada. Gatjang na bibi yake wako Australia. Mchungaji wa wakati ile alirudi Bor, akafa. Wengine mimi sijui hata wako nchi gani. Watu wenye walisikia mimi naitwa mwizi, walibeba hiyo neno wakaenda nayo. Mpaka leo wakikaa huko kwa baridi wakikumbuka Kakuma, wanakumbuka Mama Abul mwizi." Aliushusha mkono. "Wenye wako kanisani saa hii ni wapya. Hawajui mimi nilishika ufunguo. Ukiwaambia sikuiba, ndio watasikia kwanza kwamba kuna mtu alisema niliiba."

Katika maisha yake ya kazi Kipngeno alikuwa amesahihisha makosa mengi ya vipimo. Unarudi kwenye jiwe la mpaka, unaanza upya, ramani inanyooka. Alitafuta sasa jiwe la kurudia akaona halipo, limeng'olewa na kupelekwa nchi nyingi.

Alikumbuka boksi lililokuwa garini. Alianza kulitaja, akasema ni la thamani, kwamba angependa alichukue, na kabla hajamaliza akajisikia mwenyewe anavyosikika. Mama Abul hakukasirika.

"Hiyo peleka kwako," alisema. "Mimi sitaki tena kulala juu ya kitu."

Kisha akamgeukia Abigael, akamtazama kwa muda, nywele, uso, mikono.

"Wewe msichana. Ulipofungua, ndani ilikuwa nini?"

Abigael alimtazama baba yake kabla ya kujibu, kama anayeomba ruhusa, kisha akaacha kumtazama. "Mifuko," alisema. "Kila mmoja una namba yake. Na kijitabu cha picha cha kukuonyesha. Nilijenga mlango wa msagaji, na ngazi, na dirisha moja lenye maua. Kisha nikaruka kurasa nikajenga mapanga yale ya juu kwa sababu nilijua muda hautatosha. Niliyashika hivi, nikayapuliza."

"Yakazunguka?"

"Yakazunguka."

"Ulifurahi?"

"Nilifurahi sana, Mama. Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Nilifurahi, na nilikuwa peke yangu."

Kipngeno alisikia kila neno. Alitaka kuuliza maua yalikuwa ya rangi gani. Lilikuwa swali dogo, la kipumbavu labda, lakini hakuliuliza, kwa kuwa alitambua kwamba haki ya kuliuliza ilikuwa yake miaka mingi, na kwamba hapo mezani hawakuwa wakimngoja aseme kitu.

Mwanamke wa Kiturkana mwenye shanga nzito shingoni alifika na kikapu, akaweka mkono juu ya samaki. "Ejok, Mama Abul," alisalimu.

"Ejok-nooi, Aregae."

Aregae alichagua samaki wawili, kisha akawatazama wageni, mzee aliyesimama na msichana aliyekuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Hawa ni nani?" aliuliza.

Mama Abul alirarua kipande cha gazeti kuukuu, akakinyosha juu ya meza kwa kiganja, akawalaza samaki juu yake, akaanza kuwafunga. Kipngeno alimtazama akifunga. Katika soko lile lile mtu mmoja aliwahi kumpa mwenzake jina, na sasa zamu ilikuwa imegeuka, na lolote ambalo angeitwa lingemstahili.

"Ni watu wa Lodwar," Mama Abul alisema. "Tulikuwa tunajuana."

Aregae aliridhika, akatia samaki kikapuni, akaenda zake. Upepo ukanyanyua ncha ya turubai, kivuli kikasogea kidogo kuelekea mtoni. Mama Abul alijivuta upande kwenye benchi lake fupi mpaka pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Kuja hapa," alimwambia Abigael. "Jua limekufikia."

Abigael alizunguka meza akaketi. Wanawake wawili wakakaa bega kwa bega chini ya turubai, wakitazama watu wa sokoni wakipita. Kipngeno alibaki amesimama juani upande wa pili wa meza, kofia mkononi. Hakuna aliyemwambia aondoke.